Miguu ya kukunja kwenye ULM ya viti viwili: anza na tairi

Mtu akianza kuchora ULM, yaani ndege ndogo nyepesi sana, ya viti viwili, mapema au baadaye penseli yake itataka kukunja miguu. Haishangazi. Ndeke iliyoficha magurudumu inapendeza kuitazama, na kwenye karatasi miguu haina uzito, haishiki matope wala haikwami. Halafu swali la kwanza ambalo mchoraji huulizwa hapa Lubumbashi ni moja tu: itaongeza mbio kiasi gani? Hilo lingefaa kuwa swali la tatu au la nne. La kwanza ni hili: umechagua tairi gani, na tairi hilo linaenea ndani ya bawa?

Tuweke mipaka kwanza. Kwa miaka mingi ULM ya Ulaya ya viti viwili haikuruhusiwa kupita kilo 450 ikiwa imejaa, au kilo 472.5 ikiwa na parashuti ya kushusha ndege nzima, na ilipaswa kuendelea kubebwa na bawa mpaka mwendo ushuke kufika 65 km/saa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2018 iliziruhusu nchi kupandisha uzito hadi kilo 600, na mwendo huo wa chini hadi noti 45, yaani 83 km/saa. Marekani, kanuni yao ya ndege nyepesi za michezo ya 2004 ilikataa miguu ya kukunja kwa ndege za kawaida za nchi kavu. Mlango huo umefunguliwa mwaka 2025 tu. Ndiyo maana ndege nyingi za aina hii zimezaliwa Ulaya: Pioneer 300 ya Italia iliyojengwa kwa mbao, VL-3, Shark ya Slovakia, Prime ya Blackshape. Shark ndiyo iliyomzungusha Zara Rutherford dunia nzima peke yake kati ya Agosti 2021 na Januari 2022, akiwa na miaka 19. Kwetu mwenye neno la mwisho ni AAC, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kongo, na ofisi yao ni ya kutembelewa kabla ya kukata bomba la kwanza, si baada ya kupaka rangi.

Mpaka wa mwendo wa chini ndio unaoamua ukubwa wa bawa. Marubani wa huku huita hali hiyo dekroshaji: bawa linaacha kubeba, pua inashuka. Chukua bawa lenye flapi nzuri za kuacha upenyo, linalofikia kipimo cha kubeba cha 1.9. Kwa kilo 450 na 65 km/saa, kwenye hewa ya usawa wa bahari, hesabu inakupa mita za mraba 11.6. Kwa kilo 600 na 83 km/saa inakupa 9.4. Ona ajabu yake: ndege nzito zaidi ina bawa dogo zaidi. Bawa dogo lina upana mdogo, upana mdogo una unene mdogo, na ndani ya unene huo ndimo unamotaka kuingiza gurudumu. Kuanzia hapa nitatumia kilo 600 na mita za mraba 9.4.

Sasa mbio, ili tulimalize hilo swali. Injini Rotax 912 ULS ina nguvu za farasi 100. Ukiitumia kwa asilimia 75, na rafadha ikifanya kazi kwa asilimia 80, hewa inapokea karibu kilowati 45. Ndege safi ya aina hii, miguu ikiwa ndani, inapingwa na hewa kama vile ubao tambarare wa mita za mraba 0.20 ungepingwa. Miguu ya nje iliyovikwa viatu vizuri inaongeza kama 0.05. Kwa kuwa nguvu inayohitajika hupanda kwa mwendo mara tatu kwa wenyewe, faida yake ni mzizi wa tatu wa uwiano wa 0.25 kwa 0.20: karibu 250 km/saa dhidi ya 233. Asilimia saba na kitu. Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni karibu kilomita 243 kwa mstari wa moja kwa moja. Utafika dakika nne na robo hivi mapema. Hadi Likasi utaokoa dakika mbili, muda usiotosha hata kufungua kifuniko cha injini na kupima mafuta.

Bei ya dakika hizo ni kilo 15 hadi 20 za vyuma, mota, resori, milango na waya. Toa hesabu: kilo 600, ondoa watu wawili wa kilo 86 kila mmoja, ondoa lita 70 za esansi ambazo ni kilo 50, ondoa mizigo kilo 18. Zinabaki 360 kwa ndege tupu. Kilo 20 za miguu ni lita 28 za esansi ambazo hutabeba. Kwa safari ndefu, miguu ya kukunja hurudisha sehemu ya deni hilo kwa kula kidogo. Kwa safari fupi hairudishi kitu.

Kuna faida moja ambayo haisemwi sana, na kwa mji wetu ina uzito. Uwanja wa Luano uko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Mwezi wa kumi, joto likifika 33, uzito wa hewa unashuka hadi karibu kilo 0.99 kwa mita ya ujazo, asilimia 80 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo inabaki na farasi 78 hivi. Dekroshaji ya 83 kwenye saa ya mwendo inakuwa 93 kwa mwendo halisi juu ya ardhi, na umbali wa kukimbia kabla ya kupaa unaongezeka kwa nusu nzima au zaidi. Bukavu, kule Kavumu, ni juu zaidi ya mita 1,700, basi hesabu ni mbaya zaidi. Katika hali hiyo, kuvuta miguu ndani mara tu baada ya kuacha ardhi kunarudisha karibu mita 0.3 kwa sekunde ya kupanda. Si nyingi, lakini ndege yenyewe inapanda mita tatu tu. Hata hivyo, mwenye fedha ya kitu kimoja, turbo au miguu, kwa Katanga achukue turbo. Rotax 914 inashika farasi zake 115 za kupaa hadi karibu futi 8,000, na mti ulioko mwisho wa uwanja haujali mbio zako za safari.

Turudi kwenye tairi

Tairi la kawaida la ndege hizi ni 4.00-6: upana sentimita 10, kipenyo 33 hadi 35. Tairi linalopendwa na wanaotua kwenye udongo ni 6.00-6: upana 16, kipenyo karibu 44. Chukua bawa lenye upana wa mita 1.35 kwenye shina lake na unene wa asilimia 15. Pale penye unene wote una sentimita 20. Lakini gurudumu haliwezi kukaa pale, kwa sababu mhimili mkuu wa bawa umepita hapo hapo. Linakaa nyuma ya mhimili, ambako unene ni 18.5. Ondoa ngozi ya juu na ya chini na mlango, ondoa nafasi ya kupumua ya sentimita moja na nusu, unabaki na 16. Gurudumu la 4.00-6 pamoja na sahani ya breki ni 14. Linaingia. Lile la 6.00-6 pamoja na breki ni 20. Haliingii, na hakuna maombi yatakayoliingiza.

Watu hujaribu kunenepesha bawa mpaka asilimia 18, halafu mbio walizozifuata zinaanza kupotea kwenye bawa. Wengine huacha nusu ya tairi nje. Hilo si wazo baya: tairi lililochungulia nje kwa sentimita tano huokoa tumbo la ndege siku ya kutua miguu ikiwa imekunjwa, na hewa hailipingi sana likifungwa vizuri pembeni. Ila lazima ukubali kwamba matope ya magurudumu mengine yataingia humo.

Matokeo yake ni haya. Ndege ikiwa imejaa, gurudumu moja la nyuma linabeba karibu kilo 264. Tairi la 4.00-6 likiwa na bari 2, linagusa ardhi kwa sentimita za mraba 130 hivi. Lile kubwa lenye bari 1 linagusa kwa 260. Kwenye lami hakuna tofauti. Kwenye udongo mwekundu baada ya mvua ya Desemba, tairi dogo linachimba mfereji, na mfereji unavuta mguu kurudi nyuma kwa nguvu ambayo mchoraji hakuihesabu. Kwa hiyo mwenye kutaka kutua shambani, kando ya vichuguu vya mchwa vilivyo virefu kuliko nyumba, achore miguu isiyokunjwa yenye matairi makubwa. Mwenye kutoka lami kwenda lami, au kwenye laterite iliyoshindiliwa vizuri wakati wa kiangazi, aendelee kusoma. Kwa wa Goma, mawe ya volkeno yenye makali yanatoa hukumu ile ile bila hata kusubiri mvua.

Mguu na anguko lake

Kanuni ya Ulaya ya ndege nyepesi sana, CS-VLA, inasema ndege ihesabiwe kugusa ardhi ikishuka kwa mwendo wa 0.51 mara mzizi wa nne wa mzigo wa bawa kwa niutoni kwa mita ya mraba, isipungue mita 2.13 kwa sekunde wala haina haja ya kuzidi 3.05. Kwa ndege yetu ni 2.55, sawa na kuiachia kutoka sentimita 33. Kanuni inakubali kwamba wakati huo bawa bado linabeba theluthi mbili za uzito.

Nguvu ya anguko hilo ni karibu jouli 1,950, na lazima imezwe na mguu pamoja na tairi. Ukitaka miguu isisukume mwili wa ndege kwa zaidi ya mara nne ya uzito wake, ekseli lazima iwe na nafasi ya kupanda. Resori tupu, ambayo hujaza nusu tu ya hesabu bora, inahitaji karibu sentimita 20. Rundo la vipande vya mpira mgumu likishika 0.6 linahitaji 16. Ukilazimisha mara tatu badala ya nne, resori inataka 28, na mguu wa urefu huo haukunjiki ndani ya bawa hili. Hapa ndipo wachoraji wengi hudanganyika: wanapima mguu ukiwa umesimama mezani, wanasahau kwamba hewani, bila uzito juu yake, mguu hurefuka kwa sentimita zote hizo, na ni mguu uliorefuka ndio utakaoingia ndani. Shimo la gurudumu likichorwa kwa mguu ulioketi, siku ya kwanza hewani tairi litagonga ukuta.

Mkono wa kuburuta unasaidia, yaani ekseli ikae nyuma ya kifundo na kipande cha mpira kibanwe kwa mwendo mfupi kuliko wa ekseli. Unameza mashimo ya uwanja vizuri, na mguu unabaki mfupi.

Mahali pa magurudumu, kwa haraka: mstari kutoka kitovu cha uzito kilicho nyuma kabisa hadi pale tairi linapogusa ardhi uwe na nyuzi karibu 15 kutoka wima, gurudumu la pua libebe asilimia 8 hadi 15. Ncha ya rafadha kanuni hutaka sentimita 18 juu ya ardhi kwa ndege yenye gurudumu la pua. Kwa changarawe zetu weka 25.

Kukunja kuelekea wapi

Miguu mikubwa, ile miwili ya chini ya mabawa, kukunjwa kuelekea ndani, upande wa kiwiliwili, ndiyo njia inayofaa zaidi. Magurudumu yanasimama mbalimbali, na yakikunjwa yanaingia karibu na ubavu wa kiwiliwili ambako bawa ni nene. Uzito hausogei mbele wala nyuma. Ila umetoboa ngozi ya chini ya bawa. Bawa linapopindwa na hewa, ngozi ndiyo inayozuia lisijisokote. Ukitoboa kisanduku hicho, bawa linalegea na linaweza kuanza kutetemeka kwenye mbio. Dawa ni kuacha sehemu ya mbele ya mhimili ikiwa kisanduku kilichofungwa kabisa, chenye nguvu ya kubeba msokoto wote peke yake, na kuzungushia shimo mbavu mbili zilizoongezwa unene. Mlango haubebi kitu. Usiuhesabu.

Mguu wa pua ndio wenye shida. Ungekunjwa kwenda mbele, upepo ungeusaidia kushuka. Lakini mbele kuna injini, bomba la moshi na redieta, kwa hiyo karibu wote hukunjwa kwenda nyuma, kati ya nyayo za rubani na abiria. Maana yake upepo unaupinga unaposhuka. Tuhesabu. Mguu wa kilo tano, kitovu chake sentimita 35 kutoka kwenye bawaba, unavutwa na uzito wake kwa niutoni-mita 17 ukiwa umelala. Unapokaribia wima, uzito haumsaidii mtu tena: mkono wake ni sifuri. Upepo ni kinyume chake. Kwa 120 km/saa, tairi na mguu vinapata karibu niutoni 24, ambazo ni niutoni-mita 11 mguu ukiwa wima. Viwili hivyo vinakutana mguu ukiwa bado nyuzi 30 kabla ya kufika. Unabaki unaning'inia hapo, haujafunga, na rubani anayeamini kwamba "miguu itaanguka yenyewe" atatua juu ya pua. Kwa 140 km/saa upepo unapanda hadi 15. Kwa hiyo resori ya mguu wa pua ihesabiwe itoe angalau niutoni-mita 25 hadi 30 kwenye nyuzi za mwisho, si mwanzoni. Resori ya gesi iliyofungwa vibaya hufanya kinyume: inasukuma sana mguu ukiwa juu, ambako haihitajiki, na inachoka chini.

Kuhusu kitovu cha uzito kusogea wakati pua inakunjwa, msipoteze usingizi: kilo tano zikirudi nyuma nusu mita, ndege nzima inasogea milimita nne.

Goti

Mguu uliosimama unashikwa na mkono wa kuegemeza wenye goti katikati. Mtu anayesimama muda mrefu hukaza goti lake nyuma kidogo, na uzito unalibana badala ya kulikunja. Goti la chuma ni vivyo hivyo: linapita mstari ulionyooka kwa milimita chache na kuegemea kizuizi. Swali ni ngapi. Kwa mkono wa vipande viwili vya sentimita 20 kila kimoja, goti likipita kwa milimita 4, urefu wa mkono wote unapungua kwa milimita 0.08 tu. Bushi tatu zilizolika kwa 0.1 kila moja zinaimeza tofauti hiyo yote, na goti linaanza kucheza pande zote mbili. Weka milimita 6 hadi 8, kizuizi kiwe cha bolti ya kurekebishika, na juu ya yote weka resori inayolivuta goti kwenye kufuli. Resori hiyo si pambo. Goti lililopita mstari hujifunga likibanwa tu. Likivutwa linanyooka na kurudi katikati. Tairi likigusa ardhi kwa ubavu, mkono mmoja unabanwa na mwenzake unavutwa kwa wakati mmoja.

Mzigo wa ubavu wenyewe ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kanuni inataka nusu ya uzito wa ndege isukumwe kwenda ndani kwenye gurudumu moja: niutoni 2,943. Kwa mguu wa sentimita 65 na mkono uliofungwa sentimita 25 chini ya bawaba kwa nyuzi 45, mkono unapata karibu kilonewton 10.8. Ongeza akiba ya 1.5, ni 16.2. Bolti ya ndege ya kipimo cha AN4 ikikatwa mahali pamoja inabeba 16.4. Yaani umebaki bila kitu. Tumia AN5, inayobeba karibu 25.6, au ishike bolti pande mbili za uma, na bora ufanye vyote viwili.

Hapo hapo neno juu ya soko. Bolti yenye alama 8.8 kutoka soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi) inaweza kuwa na nguvu karibu sawa na ya AN. Chuma cha 8.8 cha kweli ni megapaskali 800. Tatizo ni neno "cha kweli". Alama hupigwa na yeyote mwenye mashine. Bomba la chuma cha 4130, aluminiamu ya 2024 na bolti za miguu ziagizwe na karatasi zake, hata kama zitakaa wiki nzima mpakani Kasumbalesa. Vifuniko, mabano ya waya na sakafu vinaweza kutoka mjini.

Nguvu ya kuvuta

Mafuta ya presha, waya za mkono, au umeme? Mafuta ya presha yanavuja na yanaongeza uzito. Mkono wa rubani unatosha kwa ndege ya kilo 450 yenye resori nzuri, na ndiyo njia isiyoharibika. Kwa kilo 600, umeme: mota moja ya skrubu ndefu katikati, na fimbo tatu kwenda kwenye miguu mitatu. Wengine huweka mota tatu, moja kwa kila mguu, kwa sababu ni rahisi kuzifunga. Mota moja ikifa hapo, una miguu miwili chini na mmoja juu, hali mbaya kuliko kutokuwa na mguu wowote. Kutua kwa tumbo kunakula rafadha na huenda gia za injini. Kutua kwa mguu mmoja wa ubavuni kunaigeuza ndege.

Mguu mkubwa wa kilo nane, kitovu sentimita 40, unataka niutoni-mita 31 ukiwa umelala. Kwa mkono wa kuvutia wa sentimita 6, hiyo ni niutoni 523. Ukiongeza uzito unaozidi mara 1.5 ndege ikigeuka na msuguano wa asilimia 30, ni karibu 1,020. Kwa mwendo wa milimita 15 kwa sekunde, na skrubu inayopoteza theluthi mbili ya nguvu, mguu mmoja unakula wati 45. Mitatu ni 135, amperi 11. Jenereta ya ndani ya Rotax 912 inatoa wati 250. Inatosha, ila taa ya kutua na redio zisubiri zamu yao. Fyuzi ya amperi 15, ya kuchelewa.

Waya za taa zina kanuni moja: swichi ipime goti lililofunga, si mguu uliofika. Mguu unaweza kufika na goti lisifunge. Swichi ziwe za aina iliyozibwa maji, IP67. King'ora kilie flapi zikishuka huku miguu ikiwa juu, na kilie pia nguvu ya injini ikipunguzwa chini ya 120 km/saa. Na miguu isikunjike ndege ikiwa ardhini: swichi ya presha kwenye bomba la kupimia mwendo, iliyorekebishwa kwa 80 km/saa, ambazo ni paskali 302. Huna kifaa cha kupimia? Bomba la plastiki lililopindwa kama U, maji kidogo ndani, puliza taratibu: tofauti ya milimita 31 ndiyo 80 km/saa. Swichi ibofye hapo.

Vumbi, kisha matope

Grisi kwenye bushi zilizo wazi ni kosa la mafundi wa gari. Vumbi jekundu likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Tumia bushi za shaba zilizonyonya mafuta, au za plastiki ngumu zinazofanya kazi kavu, na kifuniko cha mpira juu yake. Wakati wa mvua adui ni mwingine: gurudumu linapaa na matope, linaingia ndani, matope yanakauka usiku, na asubuhi mguu umeganda ndani ya shimo au goti haliketi kwenye kizuizi kwa sababu ya donge la ukubwa wa haragwe. Shimo liwe na ukuta laini wa kuoshwa, tundu la milimita 10 chini la kutoa maji, na goti likae mahali ambapo kidole kinafika bila kufungua kitu. Magurudumu makubwa yasimamishwe kwa breki kabla ya kuvutwa; la pua, lisilo na breki, liguse ukanda wa mpira juu ya shimo lake. Tairi linalozunguka hutupa kila kitu lilichookota. Acha nafasi ya sentimita moja na nusu kuzunguka tairi lililojazwa upepo wote, si lile laini la gereji.

Majaribio

Mguu mkubwa mmoja ufungwe kwenye fremu na magunia ya mchanga, uachiwe kutoka sentimita 33. Kwa kuwa kwenye fremu hakuna bawa la kubeba, mzigo unapunguzwa: kwa ekseli inayopanda sentimita 20, badala ya kilo 300 weka 224. Pima milimita kati ya alama za rangi kabla na baada. Mguu uliopinda milimita mbili bila kurudi umeshatoa jibu.

Kisha ndege yote juu ya jeki, mizunguko 100 ya kukunja na kushusha, betri ikiwa inachajiwa, na kila mizunguko 20 kipimo cha amperi kiandikwe. Amperi zikipanda polepole, bushi inakula. Zikipanda ghafla mwishoni mwa mwendo, mlango unagusa.

Mwisho, mguu wa pua na upepo wake. Mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama, ifungwe kwenye ekseli na kuvutwa kuelekea nyuma. Kilo 2.5 ni upepo wa 120 km/saa, kilo 3.4 ni wa 140. Fungua kishikizo cha dharura na uache mguu ushuke huku mtu akishikilia kipimo hicho hadi goti lifunge. Rudia mara kumi, mara tano kati ya hizo baada ya kurushia vumbi bushi zote. Ikiwa kwa 3.4 taa ya kijani haiwaki, badilisha resori. Usibadilishe mota, kwa sababu siku utakayovuta kishikizo hicho mota ndiyo iliyokufa.